Viroboto wa mbwa na paka: kwa nini hawaishi, na la kufanya kwa kila dalili

Wauza dawa za mifugo wanayajua malalamiko haya: nimempaka mbwa dawa, siku chache akatulia, wiki ya tatu viroboto wamerudi vilevile, kwa hiyo dawa ni feki. Dawa feki zipo, lakini usianzie hapo. Mara nyingi mwenye nyumba amemtibu mbwa peke yake, na mbwa amebeba sehemu ndogo tu ya viroboto wa nyumba hiyo. Kadirio wanalotumia madaktari wa mifugo ni kwamba viroboto wakubwa, wale unaowaona kwenye manyoya, ni takriban asilimia 5 ya wote. Asilimia 50 ni mayai, 35 ni lava (mabuu wanaototolewa kwenye mayai), 10 ni pupa (lava aliyejifungia kwenye kifuko ili ageuke kiroboto mkubwa), na hao wako sakafuni, kwenye mikeka, makochi, magunia ya kulalia na mchanga wa uani.

Anayesumbua mbwa na paka wetu ni kiroboto wa paka, Ctenocephalides felis. Usidanganyike na jina: mbwa humpata vilevile, na hata mbuzi na ndama wanaolala karibu na nyumba.

Bila kuujua mzunguko wake wa maisha utatupa pesa. Jike akipanda mwilini huanza kunyonya damu ndani ya dakika chache, hutaga ndani ya saa 24 hadi 48, na akishashika kasi hufikisha mayai 40 hadi 50 kwa siku. Mayai ni meupe, ya nusu milimita, hayana gundi. Hudondoka kila mnyama anapojikuna, anapojikung'uta au anaporuka kitandani. Lava hutoka baada ya siku 1 hadi 10. Hukimbia mwanga, hujificha kwenye nyufa, chini ya mkeka na chini ya mito ya kochi, na chakula chake kikuu ni kinyesi cha viroboto wakubwa, ambacho ni damu iliyokauka. Kisha hujifungia ndani ya kifuko kinachonata na kujipaka vumbi. Akiwa pupa humo ndani, dawa za kupulizia karibu zote hazimfikii, na anaweza kungoja miezi kadhaa, hadi karibu nusu mwaka, mpaka asikie mtikisiko, joto na pumzi ya kiumbe. Kwenye joto la nyuzi 24 hadi 32 na unyevu mwingi, hali ya kawaida Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja, mzunguko mzima huisha ndani ya wiki 3 hivi. Nairobi mwezi wa Julai unakwenda polepole zaidi, ila ndani ya nyumba hausimami.

Kwanza hakikisha ni kiroboto

Chukua kitana cha chawa cha chuma, kile chenye meno yaliyobanana. Mchane mnyama kuanzia kiunoni kuelekea mkia, kisha shingoni, tumboni na ndani ya mapaja. Kila baada ya mikwaruzo michache chovya kitana kwenye bakuli la maji ya moto yenye sabuni ya maji. Sabuni ni ya lazima: kwenye maji matupu kiroboto huelea, akajiokoa na kuruka.

Usipomwona kiroboto, angalia chembe nyeusi zilizobaki kwenye meno ya kitana. Ziweke juu ya karatasi ya chooni nyeupe iliyolowa, subiri dakika moja, zibonyeze. Zikitoa rangi nyekundu ya kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, na viroboto wapo hata kama hujamwona hata mmoja. Zikibaki nyeusi, ni udongo.

Kiroboto ni mwembamba ubavuni, hudhurungi, ana urefu wa milimita 2 hivi, anakimbia kati ya manyoya na anaruka. Mdudu aliyeng'ang'ania ngozi na kuvimba damu ni kupe. Mdudu bapa, mweupe au wa kijivu, anayetembea polepole na mayai yake yamegandia kwenye unywele ni chawa. Mnyama mwenye magamba na upara kwenye ncha za masikio, viwiko na kifundo cha nyuma, anayejikuna usiku na mchana bila chembe nyeusi yoyote, huenda ana upele wa utitiri, na dawa yake ni nyingine.

Kuna viroboto wengine wawili wa kuwatofautisha mapema. Wa kwanza ni kiroboto wa kuku, Echidnophaga gallinacea, anayekwama kwenye undu na kandokando ya macho ya kuku. Mbwa anayezurura bandani humpata kwenye ncha za masikio, kuzunguka macho na katikati ya vidole. Haruki ukimgusa, amechomeka mdomo kwenye ngozi. Ukimtibu mbwa ukaliacha banda, umefanya kazi bure. Na usichukue dawa ya mbwa yenye fipronili ukaimwagia kuku wa mayai: mwaka 2017 nchi za Ulaya, Uholanzi na Ubelgiji zikiwemo, ziliondoa sokoni mamilioni ya mayai kwa sababu fipronili ilitumika kwenye mabanda ya kuku. Wa pili ni funza, tekenya, Tunga penetrans, ambaye jike lake huzama kwenye nyayo na kubaki humo. Mbwa anayechechemea na ana vinundu vyeupe vyenye doa jeusi katikati ya vidole ana funza. Wapeleke watu na mbwa wa nyumba hiyo kutibiwa pamoja, maana mbwa hueneza funza kwa familia.

Anajikuna mpaka kuumia, lakini kitana kinatoka kitupu

Tazama anapojikuna. Kwa mbwa, kama manyoya yamekatika na ngozi imewaka kuanzia katikati ya mgongo hadi shina la mkia na nyuma ya mapaja, karibu kila mara ni mzio wa mate ya kiroboto. Kwa paka utapapasa vipele vidogo vyenye ukoko shingoni na mgongoni, au utakuta tumbo limenyonyoka kwa kulambwa.

Mnyama mwenye mzio hahitaji viroboto wengi. Kuumwa mara chache kunatosha kumwasha kwa siku nyingi, na kwa kuwa anajiuma na kujilamba mfululizo, huwameza viroboto walewale unaowatafuta. Paka ni hodari zaidi kwa hilo. Kwa hiyo kitana kitupu si ushahidi kwamba viroboto hawapo. Fanya kipimo cha karatasi iliyolowa mahali anapolala, au washa taa ndogo usiku juu ya sahani pana ya maji yenye sabuni, uiweke sakafuni chumba kikiwa giza. Asubuhi hesabu waliozama.

Mnyama wa aina hii anataka dawa inayoua haraka na isiyokatika hata wiki moja. Kidonge cha kutafuna cha kundi la isoksazolini (afoksolaneri, fluralaneri, sarolaneri, lotilaneri) ndicho kinachomfaa zaidi, kwa sababu hakioshwi na maji. Afoksolaneri hupewa kila mwezi; fluralaneri ya kumeza ni kila wiki 12, pamoja na chakula, la sivyo haifyonzwi vizuri. Kama mbwa amewahi kuanguka degedege, mwambie daktari kabla ya kununua, kwa kuwa kundi hili linaweza kuamsha degedege kwa wachache. Kwa vidonda vilivyolowa na kunuka, kidonge cha viroboto peke yake hakitoshi; bakteria wameshaingia, na mwasho wenyewe unataka dawa ya siku chache kutoka kwa daktari wa mifugo. Usimpe dawa za maumivu za binadamu. Parasetamoli humuua paka.

Dawa nimeweka, viroboto bado wapo

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, kwa hiyo twende taratibu. Jiulize kwanza: zimepita siku ngapi, na viroboto unaowaona wako katika hali gani?

Ukiwaona ndani ya siku mbili za mwanzo, wakitambaa juu ya manyoya kwa kuyumbayumba, dawa inafanya kazi. Dawa ya matone ya fipronili, ile inayokamuliwa kwenye ngozi, huhitaji hadi saa 24 kuua, na kiroboto anayekaribia kufa hupanda juu ya manyoya akaonekana kuliko mwanzo. Mwache.

Ukiwaona kati ya wiki ya 1 na ya 8, wachache, weusi na wadogo, wanaoruka vizuri, hao ni wapya waliotoka kwenye pupa zilizokuwa nyumbani kabla hujaanza. Hakuna dawa uliyoweza kununua ambayo ingewazuia kuzaliwa. Wanamrukia mbwa, wananyonya, wanakufa kabla ya kutaga. Mbwa aliyetibiwa sasa ndiye mtego wako, kwa hiyo usimfungie nje ili nyumba ipumzike. Mwache azunguke sehemu zake zote za kawaida awakusanye. Rudia dozi kwa tarehe yake, miezi 3 mfululizo bila kuruka. Idadi inatakiwa ipungue kila wiki. Kitana cha kila Jumamosi kitakuonyesha. Ukiacha mwezi wa pili kwa kuwa wamepungua, waliobaki kwenye pupa watatoka, watataga, na utaanza tena sifuri.

Kama baada ya wiki 8 hawapungui kabisa, kuna kosa. Kagua makosa haya kwa mpangilio huu, maana ndivyo yanavyotokea zaidi.

Mnyama ambaye hajatibiwa. Paka wa jirani anayelala juu ya gari, mbwa wa mlinzi, paka wa jikoni asiye na mwenyewe, mbuzi aliyefungwa ukutani. Mmoja akiachwa, anamwaga mayai kila siku. Wote watibiwe siku moja.

Uzito wa kukisia. Panda kwenye mizani umembeba mbwa, kisha peke yako, toa. Ukiwa naye kilo 78 na peke yako kilo 66, mbwa ni kilo 12. Kwa matone ya fipronili, bomba la mbwa wa chini ya kilo 10 lina mililita 0.67, la kilo 10 hadi 20 lina 1.34, la 20 hadi 40 lina 2.68, la 40 hadi 60 lina 4.02, la paka ni 0.5. Mbwa wa kilo 12 akipewa bomba dogo kwa sababu ni la bei nafuu, umempa nusu ya dozi, na utasema dawa haina nguvu.

Dawa imeishia kwenye manyoya. Hili ni kosa la dakika moja linaloharibu mwezi mzima. Mnyama awe mkavu. Simama nyuma yake, tenganisha manyoya kwa vidole viwili katikati ya mabega mpaka uone ngozi nyeupe mstari mzima, gusisha mdomo wa bomba kwenye ngozi yenyewe, kisha kamua yote bila kulegeza vidole, maana ukilegeza bomba linavuta dawa irudi ndani. Kwa mbwa mkubwa gawa sehemu mbili au tatu kwenye mstari wa mgongo ili isitiririke. Kwa paka panda juu zaidi, kwenye kisogo, mahali ulimi haufiki. Ukiona manyoya yamelowa mduara mpana na dawa inachuruzika ubavuni, nyingi haikufika kwenye ngozi.

Kuogeshwa. Matone ya fipronili husambaa kwa mafuta ya ngozi. Shampuu ikiyaondoa mafuta hayo siku moja kabla, dawa haina pa kupita; ikitumika siku moja baadaye, inaiondoa. Acha saa 48 kabla na saa 48 baada. Mbwa anayeogeshwa kila wiki, au anayeingia baharini kila jioni, abadilishiwe kidonge.

Dawa si ya viroboto. Hapa wengi hushangaa. Amitrazi, ile dawa ya kuogeshea ng'ombe ambayo watu huichanganya kwenye ndoo na kummwagia mbwa, ni ya kupe na utitiri. Kwa viroboto ni dhaifu. Ndiyo sababu unakuta kupe wameanguka na viroboto wanacheza. Ivermektini ya sindano nayo, ambayo hutolewa kwa kila mwasho, haiui viroboto kwa dozi za kawaida, na kwa mbwa wa jamii ya koli (mbwa wa kuchungia kondoo) na chotara wao inaweza kuwa sumu ya ubongo. Ukilipia sindano, uliza jina la dawa na inaua nini.

Dawa iliyoharibika. Angalia tarehe, angalia kama boksi lilikaa kwenye kioo cha dirisha linalopigwa na jua, na kama bomba limefungwa kwenye pakiti yake. Mabomba yanayouzwa mojamoja bila karatasi ya maelezo usinunue. Usugu wa viroboto kwa dawa upo duniani, lakini uweke mwisho kabisa wa orodha yako.

Paka anatetemeka baada ya kupakwa dawa

Hii ni dharura. Karibu kila mara ni permethrini au ndugu zake, saipamethrini na deltamethrini, zilizomo kwenye matone ya mbwa, unga wa viroboto na dawa za kupulizia ng'ombe. Ini la paka haliwezi kuzivunja. Huanza kwa masikio na ngozi kurukaruka, kutokwa mate, kuyumba, kisha kutetemeka mwili mzima na degedege, kwa kawaida ndani ya saa chache.

Mfunge taulo, muoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, rudia. Maji yasiwe ya moto, maana huongeza dawa inayopenya ngozini. Mkaushe, mweke kwenye joto la kawaida, na mpeleke kwa daktari ukiwa umebeba boksi la dawa. Degedege huhitaji dawa za kutuliza misuli ambazo huna nyumbani. Usimnyweshe maziwa wala mafuta. Akiwa anatetemeka vitaingia mapafuni.

Paka pia anaweza kudhurika kwa kumlalia au kumlamba mbwa aliyepakwa dawa yenye permethrini. Watenganishe saa 72. Na usikate bomba la mbwa ukagawia paka wawili, hata muuzaji akikuhakikishia: kwenye rafu moja kuna bomba la fipronili peke yake na jingine la fipronili na permethrini, na mtu mwenye haraka hachunguzi maandishi madogo. Sungura nao wasiguswe na fipronili kabisa.

Mtoto wa mbwa au paka amelegea, fizi zimepauka

Nyanyua mdomo uangalie fizi. Za kawaida ni za waridi. Zikiwa nyeupe, na manyoya yamejaa chembe nyeusi, mtoto huyo amenyonywa damu mpaka imepungua na anaweza kufa leo. Daktari kwanza, dawa ya viroboto baadaye.

Kama bado anachangamka na ananyonya, mchane kwa kitana mara mbili kwa siku na umtibu mama. Dawa nyingi za matone zinaanzia wiki 8. Chini ya hapo kuna mbili tatu tu: dawa ya kupuliza ya fipronili ya asilimia 0.25, inayoruhusiwa tangu siku ya pili ya maisha kwa kiasi cha mililita 3 hadi 6 kwa kila kilo, ipulizwe kwenye glavu kisha ipakwe. Na kidonge cha nitenpirami, kuanzia wiki 4 na uzito wa kilo 1, ambacho huanza kuua ndani ya nusu saa lakini kesho yake hakimlindi tena.

Ukilazimika kumuogesha, maji ya uvuguvugu na sabuni laini. Anza kwa kumzungushia povu shingoni, viroboto wasikimbilie usoni na masikioni, halafu paka povu mwili mzima, mwache dakika 5 mpaka 10, suuza, mkaushe papo hapo. Mtoto mdogo aliyeachwa na manyoya mabichi hufa kwa baridi hata mchana wa Dar es Salaam. Sabuni huua waliomo siku hiyo tu.

Vipande kama punje za mchele mkunduni au anapolala

Ni tegu, Dipylidium caninum, na amempata kwa kumeza kiroboto. Lava wa kiroboto hula yai la tegu, kiroboto akikua mnyama humlamba na kummeza. Prazikwanteli, miligramu 5 kwa kila kilo moja ya uzito, humaliza tegu aliyepo. Usipoua viroboto, punje zitarudi baada ya wiki 3 hivi, na utaapa kwamba dawa ya minyoo nayo ni feki. Mtoto mdogo anayecheza na mbwa sakafuni anaweza kummeza kiroboto vilevile na kupata tegu huyu. Ukiona vipande hivyo kwenye haja ya mtoto, mpeleke zahanati ukieleza kwamba nyumbani kuna mnyama mwenye viroboto.

Watu wanang'atwa vifundoni, na wanyama hawana kitu

Vaa soksi nyeupe ndefu, tembea chumba kwa chumba, simama dakika moja kila pahala. Wakikurukia wengi kwa mara moja kwenye nyumba uliyohamia juzi, ni pupa za mpangaji aliyepita na paka wake. Hatua zako ndizo zilizowaamsha. Kama alama za kuumwa ziko mgongoni na mikononi na zimepangana mstari, kagua mishono ya godoro: huenda ni kunguni.

Kusafisha ni kazi ya siku moja nzito na ratiba nyepesi baada yake. Toa nje mikeka, mazulia, mito ya kochi na matandiko ya mnyama. Vinavyofulika vifue kwa maji ya nyuzi 60 au zaidi; vya pamba vichemshe. Gunia la banda la mbwa ni rahisi kulichoma moto kuliko kulisafisha. Godoro na mito vianikwe jua kali mchana kutwa, vigeuzwe, kwa sababu lava hukauka na kufa unyevu ukishuka chini ya asilimia 50.

Ndani, fagia kuanzia pembeni kuja katikati, na usisahau chini ya kitanda, nyuma ya kabati na nyufa za saruji. Takataka hizo zisimwagwe uani. Zichome au zifunge kwenye mfuko. Kama una mashine ya kufyonza vumbi, pita nayo kabla ya kupuliza dawa na endelea kila siku mbili kwa wiki mbili: mtikisiko wake huwaamsha pupa wakatoka, na akitoka ndipo dawa inampata. Nyufa zizibwe kwa saruji. Hilo linasaidia kuliko makopo mengi ya dawa, na halirudiwi kila mwezi.

Dawa ya kupuliza iliyo bora ni yenye vitu viwili, kimoja cha kuua wakubwa na kingine cha kuzuia mayai na lava wasikue, yaani piriproksifeni au methopreni. Methopreni huharibiwa na jua, itumike ndani tu. Piriproksifeni inastahimili nje. Puliza chini ya samani na kwenye kona zenye giza, si kwenye ukuta na dari kama unavyofanya kwa mbu. Watu, wanyama na ndege watoke mpaka pakauke, na tangi la samaki lifunikwe, pampu ya hewa izimwe. Sakafu ya udongo imwagiwe maji kidogo na ifagiliwe kabla ya kupuliza, la sivyo dawa inabaki juu ya vumbi.

Uani shughulika na vivuli tu: chini ya ngazi, chini ya mnara wa tangi la maji, ndani ya banda, chini ya gari lililokufa. Mchanga unaopigwa jua siku nzima hauna lava.

Vitu vya kuacha

Mafuta ya taa, dizeli na oili chafu ya injini huunguza ngozi, na mnyama akijilamba huingia tumboni na mapafuni. Vitunguu maji na vitunguu saumu haviwafukuzi viroboto na huharibu damu ya mbwa na paka. Unga wa kuulia wadudu wa mahindi na maharage si wa kupaka kiumbe anayejilamba. Maji ya majani ya mwarobaini hayadhuru mbwa mzima ukiyatumia kumsuuzia, na huenda yakapunguza kidogo, ila hayavunji mzunguko. Mafuta yake mazito usimpake paka. Udongo wa diatomaiti, ule unaochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil, hukausha lava ukiwa mkavu kabisa kwenye nyufa. Pwani unyevu wa hewa unaupunguzia nguvu, na vumbi lake si la kuvuta puani.

Wasirudi

Pwani na Ziwa Viktoria hakuna msimu wa mapumziko. Dozi iende mwaka mzima, na tarehe iandikwe kwenye kalenda ya ukutani. Mnyama mpya, hata wa zawadi, atibiwe siku anayofika na alale chumba chake siku 2 kabla ya kukutana na wengine. Matandiko yafuliwe kila wiki. Kitana kipite mara moja kwa wiki, kwani kinagundua kiroboto wa kwanza kabla hajafikisha mayai elfu.

Panya wanataka tahadhari yao. Ukitega sumu, tibu viroboto vya nyumba na wanyama kwanza, ndipo utege, kwa sababu panya akifa viroboto wake humwacha na kutafuta damu nyingine. Kiroboto wa panya ndiye anayebeba tauni, na wilaya ya Lushoto iliiona kuanzia 1980 na miaka iliyofuata. Ukikuta panya wanakufa wenyewe ndani ya nyumba bila sumu kutegwa, hasa katika maeneo yaliyowahi kuwa na ugonjwa huo, usiwaguse kwa mkono wala usiruhusu paka awale. Toa taarifa kwa ofisa afya wa kijiji au kituo cha afya siku hiyohiyo.